Ilias, Nijibu Ndiyo ao Apana

Buyenzi, Bujumbura
9 Aprili 1999

Kwa mutoto wangu Ilias,

Asalam aleikum. Kama hii barua imekufikia, basi jirani yetu Ernestine amefika Kigoma salama na samaki wake hawakuoza. Uko muzima? Ile homa imeisha ao bado inarudi? Unalala ndani ya chandarua? Usiniambie ndiyo kwa kunifurahisha, mi nakujua. Sisi huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Risasi tunasikia upande wa milimani, lakini avenue yetu imetulia. Goti yangu inaniuma kidogo, si ya kuhangaikia.

Tangu meli zianze tena kuvuka nimekuwa nataka kukuandikia hii mambo, na kila nikishika kalamu naweka chini. Leo naandika.

Baba yako mudogo Shakuru alikuja hapa na shehe. Wamekaa sebuleni, nikawapa chai. Shehe ameniambia, Mwanasiti, mume akipotea na habari yake haipatikani, mwanamke anangoja miaka minne. Ikipita, anahesabu mume amekufa, anaingia eda, miezi minne na siku kumi, na watu wanasoma hitma. Mwezi wa sita inakuwa miaka minne tangu baba yako Hamissi aende mtaa wa Carama kutengeneza ile gari ya mutu na asirudi.

Shakuru akasema, "Shemeji, ndugu yangu hana kaburi, hana hitma, roho yake iko njiani kama abiria. Mpaka lini?"

Mi nikasimama. Nikaenda kuongeza maji kwa chai, na chai ilikuwa bado nyingi.

Shehe ni mutu wa pole. Akasema, "Si amri, mama. Ongeeni kwanza ndani ya nyumba, asije mutu baadaye akasema mumemzika akiwa hai." Ndani ya nyumba ni mimi na we. Hakuna mwingine. Basi nakuuliza, we mutoto wa pekee wa Hamissi: nimwambie shehe ndiyo ao apana? Sitaki siku moja uniangalie usoni uniambie, mama, ulimuua baba kwa mdomo wako.

Andika neno moja tu, mi nitaelewa. Na kula vizuri.

Mama yako,
Mwanasiti


Kigoma
2 Mei 1999

Mama mpenzi,

Waaleikum salam. Nimepata barua na ile mikate ya Ernestine, ilikuwa imevunjika lakini tumeila. Homa imeniacha. Chandarua ninacho, kina tundu moja, nimelishona. Natengeneza baiskeli mchana, na jioni nakaa kwa Musafiri, yule fundi cherehani wa kutoka Uvira niliyekutajia. Na goti lako umelipaka nini? Mwambie Ernestine akutafutie mafuta ya karafuu.

Mama, utacheka. Musafiri ana ubao wa eshe. Hapa wenyewe wanaita sataranji. Karibu kila jioni tunacheza juu ya meza yake ya kukatia nguo, na karibu kila jioni ananifunga. Yeye akinifunga hasemi "umeshindwa" tukaishia hapo. Anasema, "Rudisha. Tuone umekufa wapi." Tunarudisha vipande vyote nyuma, hatua kwa hatua, tukitafuta kosa. Anasema mtu asiyeangalia mchezo aliopoteza, kesho ataupoteza uleule.

Basi nimeanza kurudisha ule mchezo wangu na baba, ule wa Ijumaa, kesho yake ndiyo akaenda Carama. Naukumbuka wote, kutoka hatua ya kwanza mpaka baba alipoangusha mfalme wangu kwa kidole. Mara ya kwanza niliona kosa langu ni mwishoni, nilipompeleka mfalme pembeni nikidhani atajificha. Musafiri akaangalia akasema, "Hapa ulikuwa maiti inayotembea. Rudi nyuma zaidi." Nimerudi. Nikafika pale nilipopoteza malkia.

Unakumbuka baba alivyocheza. Alifundishwa na yule Mgiriki wa garaji, na sheria yake ilikuwa moja: ukitishia malkia ya mwenzako lazima useme "gade!" ili ailinde. Kumla mtu malkia bila kusema gade ilikuwa kama kumpiga akiwa amegeuka. Siku ile malkia yangu iliingia kula askari mmoja kando ya mnara wake. Baba akasogeza farasi hatua moja, kama mtu anayejinyoosha tu. Malkia ikabaki na njia moja ya kutokea. Mimi nikaenda kucheza upande mwingine kabisa, na yeye akaichukua.

Mama, wewe ulikuwa pale mlangoni ukichambua maharagwe. Alisema gade nisisikie, au hakusema?

Nifikirie hilo. Mengine tutaandikiana.

Mwanao,
Ilias


Buyenzi
30 Mei 1999

Kwa mutoto wangu,

Asalam aleikum na salamu nyingi kama majani. Nashukuru homa imekuacha. Hiyo tundu ya chandarua uliishona na uzi gani? Mbu wa Kigoma ni wakubwa, Ernestine ameniambia. Goti iko vilevile.

Ilias, mi nimekuuliza baba yako ni mufu ao ni muzima, we umenijibu na farasi.

Sikasiriki. Naona tu umeanza kuandika Kiswahili ya watu wa Kigoma, "mama mpenzi", kama ile ya radio. Ernestine amecheka mpaka akakaa chini.

Nimefikiri ulichoniuliza. Nilikuwa pale mlangoni kweli. Maharagwe ilikuwa na mawe mengi, hiyo naikumbuka. Nakumbuka alikuwa amevaa ile kanzu ya Ijumaa na alikunja mikono juu kama mutu anataka kufungua motere ya gari. Lakini kama alisema gade ao hakusema, sijui. Alisema hiyo neno miaka yote hapo sebuleni, na we, na Shakuru, na wageni. Nikifunga macho nasikia anasema. Lakini sijui ni ya siku gani. Ningeweza kukuandikia alisema, we ulale vizuri. Ningeweza kuandika hakusema. Yote ingekuwa uongo.

Huku watu wameanza maneno. Mke wa muuza mkaa amesema kwa bomba ya maji, mbele ya watu, "Mwanasiti anaharakisha eda, lazima ameshaona bwana mwingine." Ernestine alikuwa nyuma yake kwenye mustari. Akamwambia, "Bwana gani? Na hiyo ukali ya Mwanasiti? Mutaje jina, tumuonee huruma mapema." Watu wamecheka. Mi pia nimecheka kidogo kwa adabu. Sikusikia uchungu. Siku hizi sisikii uchungu, Ilias, wala furaha. Naona mambo kama mutu anaangalia mvua nje ya dirisha, na haimulowanishi.

Napika, naswali, nafagia. Shakuru akija anauliza, "Mutoto amejibu?" Nasema bado.

Na we nijibu. Ndiyo ao apana.

Mama yako


Kigoma
11 Julai 1999

Mama,

Salamu baada ya salamu. Mimi mzima. Uzi ni wa Musafiri, wa kushonea suruali, haukatiki.

Usimwambie shehe ndiyo bado. Sikiliza. Kuna mtu amefika hapa kutoka ng'ambo, anasema Uvira kuna fundi wa magari Mrundi, Mwislamu, mtu mzima, anakaa karibu na bandari, hapendi kuongea. Anasema ana kovu mkononi. Baba alikuwa na kovu la kuunguzwa na maji ya redieta ya gari, mkono wa kushoto. Nimemuuliza mkono gani, hakumbuki. Ernestine huenda Uvira kwa ndugu zake. Aulize.

Kuhusu ule mchezo, nimeurudisha tena na tena, na kila mara nafika palepale. Kabla ya malkia sikuwa vibaya. Musafiri mwenyewe anakubali, anasema mpaka hapo ningeweza hata kushinda. Basi kama si kosa langu, ni lake. Alinyamaza. Alikuwa na sheria yake, na siku ile aliivunja, akanywa chai yake kama hakuna kitu. Mama, nimekasirika naye miaka minne kwa ajili ya kipande cha mti. Najua ni upuuzi. Lakini nikianza kufikiria Carama nafika tu kwenye ule ubao, na hasira zinaanza hapo na zinaishia hapo.

Nikimwona Uvira nitamuuliza kwanza hilo.

Ilias wako


Buyenzi
22 Agosti 1999

Kwa Ilias,

Asalam aleikum. Natumaini hii inakukuta na afya na tumbo iliyoshiba. Sisi tuko.

Ernestine ameenda Uvira. Amemuona huyo fundi. Ni mutu wa Kalemie, anaitwa Jovithe, hata Mwislamu si Mwislamu, anavaa tu kofia kwa jua. Kovu ni ya mbwa. Ernestine amemnunulia soda, amerudi.

Alipokuwa anakuja kuniambia, nilimuona kwa mbali kwenye avenue, na kwa mwendo wake nikajua. Nikaendelea kufua. Hii ni mara ya ngapi? Kulikuwa na ule uvumi wa Bukavu. Kulikuwa na ule wa gereza. Kulikuwa na mwanamke aliyemuona Hamissi kwenye ndoto akivuka maji na viatu mkononi, na mi nikampa sukari kwa hiyo ndoto. Zamani nilikuwa natetemeka. Sasa nauliza tu, kovu ya wapi, mkono gani, kama mutu wa ofisi ya komini anayejaza karatasi.

Sasa mi pia nataka kukuambia kitu, na usinicheke, mi niliishia darasa la tatu. Huyo Musafiri anasema unarudisha mchezo nyuma ili kujua umekosa wapi. Muzuri. Mi pia nimerudisha. Nimekaa nikarudisha ile Jumamosi, hatua kwa hatua kama mnavyofanya. Mutu wa gari amekuja asubuhi, ni mutu tunamjua, mteja wa siku nyingi. Baba yako amekula. Nimemuuliza, huko Carama kumetulia? Akasema jana watu walipita. Mi nikasema basi rudi mapema. Akasema ndiyo. Akachukua mufuko wa vyombo. Nimeangalia kila hatua, Ilias, nyuma na mbele, na hakuna mahali pa kusema hapa ndipo. Mutu ameitwa kazini, ameenda kazini. Kesho yake tukasikia watu wamepigwa huko Kinama na Carama, njia imefungwa. Ni hiyo tu.

We unatafuta kosa kwa sababu ukiipata utalala. Mi nimetafuta sikuipata, na nalala. Nalala kama gunia. Sijui nani kati yetu ni mugonjwa.

Shakuru haji tena kila juma. Nafikiri anaona nampotezea wakati. Nijibu, mutoto wangu. Si kwa ajili yake.

Mama


Buyenzi
17 Oktoba 1999

Ilias,

Asalam aleikum. Sijapata barua yako. Ernestine amevuka na kurudi, anasema hakukuona kwa baiskeli, wala kwa huyo fundi cherehani, mlango ulikuwa umefungwa. Wamekuhamisha na kukupeleka kambini? Unaumwa? Nasikia huko wanakamata wageni mjini.

Huku kuna grenade ilianguka upande wa Nyakabiga. Si kwetu. Tulisikia tu, vyombo vikalia kabatini. Sisi wazima.

Kama umenikasirikia kwa lile swali, basi lifute. Sitauliza tena. Ndiyo sitaki, apana sitaki. Andika tu jina lako juu ya karatasi nijue mkono wako bado unaandika.

Mama yako


Kigoma
28 Novemba 1999

Mama yangu,

Waaleikum salam. Jina langu hili hapa: Ilias bin Hamissi. Mkono unaandika.

Nisamehe. Walikuja kweli kukusanya wageni mjini, nikapelekwa kambini pamoja na Musafiri. Yeye aliubeba ubao wake, mashine aliiacha kwa jirani, mke wa jirani akamuuliza kama ana akili. Kambini tuko salama, chakula kipo, maji ni mbali. Homa hapana. Nilikuwa na barua zako zote na karatasi nilikuwa nayo pia. Sikuwa na neno.

Nataka kukwambia kilichotokea, halafu nitakujibu.

Hapa kambini watu wengi wanacheza, kuna hata mwalimu mmoja kutoka Makamba anayewapanga watu wacheze kwa zamu. Nilikutana na Musafiri mbele ya watu wote. Nilikuwa nacheza vizuri, mama, watu walikuwa wameanza kunisifu. Halafu akaichukua malkia yangu. Hivi tu. Nikasimama, nikapiga kelele, "Hukusema gade!"

Watu wakageuka. Mwalimu akauliza, "Kusema nini?" Nikamweleza. Wakacheka, mama, walicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia kwa kudhani ni ugomvi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia sheria hiyo. Mwalimu akasema hiyo si sheria, labda ni heshima ya wazee fulani wa zamani. Musafiri peke yake hakucheka. Akasema, "Kumbe ndiyo maana. Miezi yote hii najiuliza kwa nini huyu kijana haiangalii malkia yake. Ulikuwa unangoja niseme?"

Baadaye tukakaa sisi wawili, tukarudisha. Si mchezo ule peke yake. Michezo yote niliyoikumbuka, ile aliyonifunga yeye, na ule wa Ijumaa na baba. Kosa ni moja tu kila mahali. Nilijifunza nikiwa mdogo kwamba hatari ikija, mtu atasema. Kwa hiyo macho yangu sikuyatumia. Naingiza malkia popote, halafu nasikiliza. Hata Ijumaa ile njia moja ilikuwa wazi mbele yangu, ningeiona kama ningeangalia, alisema au hakusema. Hasira zote zile, na kosa lilikuwa langu, la kawaida kabisa, kosa la mtu anayengoja.

Musafiri akakusanya vipande, akaenda kutafuta maji.

Mama, nimemngojea baba kwa njia hiyohiyo. Nilitaka aje mtu aseme: ni mimi niliyemwona, ilikuwa mahali hapa, saa hii, amelala pale. Ndipo ningekubali. Yule wa kovu, yule wa ndoto, nilikuwa nasikiliza kama neno litatoka. Hakuna atakayesema. Waliokuwa pale hawatasema, na waliokufa naye hawawezi. Lakini tukiangalia wenyewe, tunaona. Baba asingekaa miaka minne Uvira, mahali pa kuvuka siku moja, bila kuja nyumbani. Wewe unajua hivyo, na mimi najua. Tangu mwaka ule wa kwanza.

Jibu langu ni ndiyo. Nimeandika mimi, kwa mkono wangu, si wewe uliyesema. Mwambie shehe. Mwambie na baba mdogo.

Sikulia nilipoandika. Nilidhani nitalia.

Mwanao,
Ilias


Buyenzi
30 Januari 2000

Kwa mutoto wangu Ilias,

Asalam aleikum. Hii barua anaileta tena Ernestine, safari hii mpaka kambini, amesema atafika hata wakimrudisha mara tatu. Uko muzima? Hayo maji ya mbali mnayachemsha? Goti yangu imepona yenyewe, sikupaka kitu.

Tumengoja Ramadhani na Idi zipite, ndipo tukasoma hitma. Watu wamejaa mpaka njiani. Mafundi wa garaji wote wamekuja, hata wale Wakristo, wamesimama na kofia mkononi. Shakuru alilia kama mutoto mudogo, ikabidi watu wamshike. Mke wa muuza mkaa ameleta mchele na hakusema neno, na mi nimepokea.

Mi nilikaa ndani na wanawake. Wananiambia, "Lia, dada, sasa ni ruhusa." Nimejaribu. Nimefikiria mikono yake, nimefikiria ile Jumamosi, hakuna kilichotoka. Mwanamke mumoja akanong'ona ati mi nina moyo wa jiwe. Ernestine akamjibu, "Kalie kwako." Nakwambia hivi ili usijisumbue kwa vile hukulia. Pengine ni mambo ya nyumba yetu.

Sasa niko ndani ya eda. Sivai rangi, sipaki wanja, sitoki ila kwa shida. Na hapo kuna kitu sijamwambia mutu, nikakiona peke yangu nikacheka, na baada ya kucheka ndiyo nikaketi.

Miaka hii yote, Ilias, mi sikutoka. We hukujua, ulikuwa umeshaondoka. Sokoni nilimtuma Ernestine. Arusi ya binti ya Shakuru nilisema goti. Maji nilichota hapo karibu, nikiangalia nyuma. Nilikuwa naogopa Hamissi atarudi siku moja, amechoka, atabisha hodi, na mi sipo. Na mlango sikuwahi kuufunga kwa ufunguo, hata siku za risasi. Nilikuwa naufunga tu na ndoo ya maji nyuma yake, ili akisukuma ufunguke na mi nisikie.

Sasa tumesema amekufa, haji, hakuna wa kungojea. Naweza kwenda popote. Na sheria inasema kaa ndani.

Basi nimekaa. Wala si vibaya. Ni vilevile kama zamani, ila sasa nikisikia hatua nje sinyanyuki.

Usije sasa, njia ni mbaya na mi sitaweza kuja bandarini kukupokea. Ngoja. Eda inaisha kati ya mwezi wa tano na wa sita. Nimemwambia Ernestine aninunulie kufuli, si kubwa, ya kawaida. Ameileta, iko hapa juu ya meza na funguo zake mbili, moja nitakutumia. Siku ile ikifika nitavaa, nitatoka nje, nitafunga mlango wa baba yako kwa nyuma yangu, niende sokoni nikachague nyanya mwenyewe.

Nimeshajaribu hiyo kufuli kwa mkono, nikiwa nimekaa. Inafunga vizuri.

Mama yako,
Mwanasiti